Mbona mat ya Kisumu lazima ijae ndio itoke Kaka?

Umekaa kwa mathree steji ya Kakamega nusu saa, na konda bado anapiga nduru "Wawili twende!" Stori iko hivi: leseni ya gari inatoka NTSA, steji inasimamiwa na kaunti, nauli na zamu zinapangwa na sacco. Hakuna mwenye anapanga safari nzima.

Na hiyo njia ya kilomita kama 50 inapita kaunti tatu: Kakamega, Vihiga na Kisumu. Nairobi na kaunti nne jirani ziliundiwa NAMATA 2017 iwapangie usafiri kwa pamoja. Sisi hatuna.

Gari ikitoka na viti tupu, hasara ni ya dere. Kwa hivyo anangoja, nawe unangoja. Uko na intavyuu Kisumu saa tatu? Toka keja kumi na moja.