Beetle ikikataa kuwaka, usikimbilie spea mpya

JE, una Volkswagen Beetle ya zamani ambayo hukataa kuwaka asubuhi? Usikubali fundi abadilishe hiki na kile kabla ya kujua umeme umekatikia wapi. Mara nyingi kasoro huwa ni waya uliolegea tu, nawe umekwisha kulipia koili mpya.

Beetle ilishinda Safari Rally mwaka wa 1954, 1957 na 1962, na ya mwisho iliundwa Mexico mwaka wa 2003. Umeme wa zile za zamani ni rahisi kuufuata. Hutoka kwenye betri, hupitia swichi ya ufunguo hadi kwenye koili, kisha distributa huugawa kwa plagi nne.

Anza na betri, iliyo chini ya kiti cha nyuma. Washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo. Taa zikififia na injini isizunguke, huenda betri imeisha au vichwa vyake vimeshika kutu. Visugue na uvikaze. Kabla ya kurudisha kiti, hakikisha betri imefunikwa vyema. Springi za kiti zikigusa vichwa hivyo, gari laweza kushika moto.

Iwapo injini yazunguka lakini haiwaki, ng'oa plagi moja, uiunganishe tena na waya wake na kuiegemeza kwenye chuma cha injini, mbali na petroli na tundu ilimotoka. Tumia koleo yenye mpini wa mpira, si mkono mtupu. Mwenzako azungushe ufunguo. Ukiona cheche kali ya buluu, geukia upande wa petroli.

Usipoiona, fungua kifuniko cha distributa. Futa unyevu, tafuta nyufa, kisha tazama pointi. Zikiwa zimeungua, zibadilishe. Zinapofunguka kabisa, mwanya wake uwe milimita 0.4. Baada ya hapo ndipo ushuku kondensa na koili.

Hatimaye, msomaji, kumbuka hili: taa nyekundu ya jenereta ikiwaka ukiwa safarini, simama mara moja. Mshipi unaozungusha jenereta ndio huo huo unaozungusha feni ya kupoza injini. Ukiwa umekatika, usiendelee hata kilomita moja. Weka mshipi wa akiba na spana yake garini, kwani bei yake si kitu ukilinganisha na ya injini iliyoungua.