Percy na Herufi Zilizopishana

Haya, wanangu, sogeeni niwasimulie. Mwaka 1896, katika mji wa Seaford, pwani ya kusini ya Uingereza, alikuwako mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy. Kijana mchangamfu, hodari wa michezo. Kusoma tu ndiko kulikomshinda. Alianza kufundishwa akiwa na miaka 7, lakini akaambulia vijineno vichache tu. Hata jina lake mwenyewe aliliandika “Precy”, na asione kosa mpaka alipoambiwa atazame tena na tena.

Daktari Pringle Morgan alimpima, akakuta macho hayana kasoro. Akampa hesabu: 749 mara 867. Hebu jaribuni na nyinyi! Percy aliikokotoa upesi, akapata. Na mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, Percy angewapita wote shuleni. Nampenda sana mwalimu huyo. Wangapi wangemwita mvivu, wakamalizana naye kwa fimbo?

Morgan aliyaandika hayo katika jarida la madaktari, Novemba mwaka huohuo. Leo hali hiyo tunaiita disleksia. Akili ya mtoto ni nzima kabisa. Kinachomtatiza mara nyingi ni kuzichambua sauti zilizo ndani ya neno na kuzioanisha na herufi zake.

Basi afundishwe vipi? Miaka ya 1920, huko Iowa, Marekani, daktari Samuel Orton aliwachunguza watoto wa namna hiyo. Baadaye mwalimu Anna Gillingham na mwenzake Bessie Stillman wakatunga mafunzo yanayotumia macho, masikio na mkono kwa pamoja. Mtoto anaitazama herufi m, anaitamka “mmm”, huku kidole kinaichora, hata mchangani. Hasogei mbele mpaka sauti ile imkae. Kisha inakuja a, na mbili hizo zinaungana: ma. Ni kazi ya polepole, nayo inahitaji mwalimu mwenye subira.

Kiswahili chetu kina nafuu, kwa kuwa kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Mwenye disleksia anaweza kuyapatia maneno mengi, ila anasoma kwa kujikokota, na kengele ya mtihani inalia angali kwenye swali la tatu. Ukikaa naye dawati moja wakati wa kujisomea, msomee swali kwa sauti, halafu nyamaza umsikilize anavyojibu.