London ya Kimya: Bustani Juu ya Makaburi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulipita kwenye bustani kubwa za London, Hyde Park na nyinginezo. Leo tuingie City, kitovu kikongwe cha mji huo, ambacho eneo lake halifiki kilomita tatu za mraba. Siku za kazi watu zaidi ya nusu milioni hufurika humo. Wanaolala humo ni wachache sana. Kwa hiyo nenda Jumamosi au Jumapili, mwishoni mwa Aprili, majira ya kuchipua yanapokolea na jua halizami mpaka saa mbili usiku imepita.

Nyuma ya majengo ya benki utakuta vibustani vingi: benchi mbili tatu, mti, mawe ya makaburi yameegemezwa ukutani. Usidhani ni kazi ya wapanga mji. Moto mkubwa wa 1666 uliteketeza makanisa 87, na chini ya msanifu majengo Christopher Wren yakajengwa upya 51. Kanisa la St Peter, kwenye kona ya Wood Street na Cheapside, halikuinuka tena. Kiwanja chake cha maziko kipo hadi leo, na juu yake umesimama mti mkubwa ambao wakati huu wa mwaka ndio kwanza unatoa majani.

Kisha kikaja kipindupindu cha 1848 na 1849. Viunga vya makanisa vilikuwa vimeshiba maiti, na sheria ya 1852 ikafungua njia ya kuvifunga na kuwazika watu nje ya mji. Ikabaki ardhi tupu katikati ya mji wa fedha, nanyi mnajua ardhi ya namna hiyo inavyomezewa mate. Mwaka 1884 Bunge likapiga marufuku kujenga juu ya makaburi yaliyofungwa, isipokuwa kwa kupanua kanisa. Kwa maoni yangu, hakuna msanifu wa bustani aliyeitendea London wema kuliko kifungu hicho kifupi.

Ukitaka kukaa mahali pamoja tu, kaa Postman's Park, karibu na kanisa kuu la St Paul's. Ilifunguliwa 1880, ikapata jina kwa wafanyakazi wa posta kuu ya jirani waliokuja kupumzika hapo. Mwaka 1900 mchoraji George Frederic Watts alijenga humo kibanda chenye ukuta wa vigae, vyenye majina ya watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wengine. Yumo Alice Ayres, binti wa kibarua, aliyekuwa akiishi kwa dada yake na kumsaidia kazi za nyumbani. Nyumba iliposhika moto usiku mmoja wa Aprili 1885, alitupa godoro chini, akawashusha watoto watatu wa dada yake kupitia dirishani mmoja mmoja, kisha akaruka mwenyewe, akaumia na kufa. Majemadari wana sanamu zao kila pembe ya London. Binti huyu ana kigae, nami husimama mbele yake kwa heshima kubwa zaidi.

Kanisa la St Dunstan-in-the-East, lililobomolewa kwa mabomu 1941, ni kuta tupu ambazo mimea imetambaa hadi madirishani. Kaskazini, nje kidogo ya mpaka wa City, ipo Bunhill Fields, walikozikwa Wakristo waliojitenga na kanisa la dola: waandishi John Bunyan, Daniel Defoe na William Blake, na Isaac Watts ambaye nyimbo zake bado zaimbwa makanisani kwetu.

Wiki ijayo tutavuka mto Thames hadi Cross Bones, hatua chache kutoka mtaa wa Union, ilikoungua ile nyumba ya dada yake Alice. Hapo walizikwa maskini na makahaba mpaka 1853. Kiwanja hicho kiliuzwa 1883 ili kijengwe nyumba, na mauzo hayo yakabatilishwa mwaka uliofuata, kwa sheria ile ile ya 1884.