Je, Wajua? Mnyoo wa Deraya na Kizazi cha Makombe Mawili

JE, WAJUA kwamba brakiopodi, mnyama wa baharini, si jamaa wa karibu wa chaza, ingawa naye ana makombe mawili? Ya chaza hukaa ubavuni, kushoto na kulia. Ya brakiopodi hukaa mgongoni na tumboni.

Je, wajua kwamba leo zimebaki spishi zake zipatazo 400 tu, ilhali visukuku vimeonyesha zaidi ya 12,000? Maangamizi ya miaka milioni 252 iliyopita ndiyo yaliyowavunja uti wa mgongo, kama wangekuwa nao.

Je, wajua kwamba miongoni mwa wanyama wa mwanzo kabisa kujijengea ganda ni Cloudina, aliyeelezwa mwaka 1972 kutokana na miamba ya Namibia? Aliishi miaka milioni 550 hivi iliyopita. Baadhi ya maganda yake yaliyopatikana China yana matundu: tayari walikuwapo wa kumtoboa.

Je, wajua kwamba vigamba vya Halkieria vilijulikana miaka mingi kabla ya mwenyewe kuonekana? Mwaka 1989 akapatikana mzima huko Sirius Passet, kaskazini mwa Greenland: umbo la koa, vigamba mwili mzima, kombe moja karibu na kichwa na jingine mkiani. Wataalamu wakawaza: mfupishe, mkunje makombe yakutane, si umepata brakiopodi? Wazo tamu mno, nami nilitamani liwe kweli. Lakini tafiti za baadaye zimemsogeza upande wa konokono na ngisi.

Hoja ya asili ya brakiopodi sasa imebebwa na tomotiidi, ukoo ulioitwa kwa mji wa Tommot, Siberia. Nao walijulikana kwanza kwa vipande tu, vya fosfeti. Mwaka 2008, visukuku vya Australia Kusini vilionyesha vigamba vya Eccentrotheca vikiwa vimeungana kuwa mrija. Mwenzake, Micrina, alikuwa na makombe makubwa mawili.

Kisha mwaka 2022 akatangazwa Wufengella kutoka Yunnan, China: mnyoo wa miaka milioni 518 iliyopita, urefu wa sentimita moja na kidogo, nywele ngumu ubavuni, safu za vigamba mgongoni. Huyu alitambaa! Inaelekea, basi, kwamba mababu wa brakiopodi walizunguka na deraya zao, na waliofuata wakatulia mahali pamoja, vigamba vikapungua hadi viwili.

Na Lingula, brakiopodi aliye hai? Kombe lake bado ni la fosfeti ya kalsiamu, madini ya jamii moja na ya mifupa yako. Hujichimbia kishimo matopeni, na huko Japani, kando ya bahari ya Ariake, watu humfukua wakampika.