Anayejitolea asitozwe

Jumamosi mchana, kabla shefu wa skauti anayekaa Panzi, hapa Bukavu, hajafunga fulari shingoni kwenda kukutana na trupu yake Kadutu, ana hesabu ya kupiga. Kuna nauli ya pikipiki, kwenda na kurudi. Kuna unite za kuwapigia wazazi ambao watoto wao hawakuonekana juma lililopita, fotokopi za kurasa nne za huduma ya kwanza, na kamba mpya ya kufundishia mafundo kwa kuwa ile ya zamani imelika katikati. Kila kimoja ni kidogo, na ndiyo maana hakuna anayeuliza kimetoka wapi. Lakini Jumamosi za mwaka ni hamsini na mbili, na jumla yake ni madaftari, viatu na dawa za watoto wa nyumbani kwake mwenyewe. Mwisho wa mwaka ataitwa mbele ya wazazi, apigiwe makofi, apewe cheti chenye mhuri. Cheti si kibaya. Ninachosema ni kwamba tumeanzia mwisho: tunamshukuru mtu kwa kubeba mzigo ambao ilikuwa kazi yetu kumtua kwanza.

Katika mji huu neno kujitolea lina historia inayolielemea. Enzi za Mobutu palikuwa na salongo, kazi ya mikono ya lazima iliyopewa jina la uzalendo, na watu wakajifunza kwamba kazi isiyo na ujira ni ile unayoamriwa na mwenye nguvu kukushinda. Kisha katika miaka ya 1990, mshahara wa mwalimu ulipokuwa si kitu tena, wazazi ndio waliozibeba shule kwa kuchanga fedha zilizoitwa motivasio, na mchango huo ukaendelea hadi elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa mwaka 2019. Kwa hiyo ukisema leo kwamba mashefu wa skauti wanahitaji motisha, mkaaji wa Bukavu anasikia bahasha ya fedha. Hana kosa, ndivyo maisha yalivyomfunza. Lakini kati ya salongo na bahasha kuna nafasi pana, na ndani ya nafasi hiyo ndimo skauti inamoishi.

Ushahidi wa nafasi hiyo upo. Mwaka 2000 wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Israeli kwa wanafunzi 180 wa sekondari waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kukusanya michango ya hisani. Kundi la kwanza halikuahidiwa malipo yoyote, la pili liliahidiwa asilimia 1 ya kiasi watakacholeta, la tatu asilimia 10. Waliofanya bure ndio walioleta nyingi kuliko wote, na wale wa asilimia 1 wakawa wa mwisho. Ujira mdogo haukuongeza bidii, ulibadili maana ya kazi: kijana aliyekuwa anasaidia akajiona kibarua, tena kibarua wa bei ya chini. Karibu zaidi na kwetu, mjini Lusaka, Nava Ashraf, Oriana Bandiera na Kelsey Jack waliwafuatilia vinyozi na wasusi waliopewa kazi ya kuuza kondomu za kike saluni kwao ili kupambana na ukimwi. Baadhi waliongezewa fedha kwa kila pakiti. Wengine walipewa nyota ya kubandika kwenye chati iliyotundikwa saluni, kila wanapouza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wa nyota waliuza karibu mara mbili ya kila kundi lingine.

Mtu akiishia hapo atahitimisha kwamba nyota za karatasi zinatosha, na atakuwa amekosea. Nyota ile ilifanya kazi kwa sababu ilibandikwa kwa kila pakiti iliyouzwa, kwa tendo linalojulikana, mbele ya majirani ambao macho yao yalikuwa na maana kwa msusi. Cheti cha mwisho wa mwaka, kinachotolewa kwa maneno yaleyale kwa kila mtu, hakina hata moja kati ya sifa hizo. Tena mwuzaji wa Lusaka aliuzia palepale saluni kwake, ilhali shefu wetu anatoa mfukoni. Kumsifu mtu huku unamtoza ni kumdharau kwa upole.

Skauti yenyewe inalijua jambo hili tangu zamani. Mafunzo ya kwanza ya viongozi katika Gilwell Park, London, yalifanyika mwaka 1919, na aliyehitimu alipewa shanga mbili za mti kwenye kamba ya ngozi. Thamani yake sokoni ni sifuri, lakini haziwezi kununuliwa, na kila skauti anayeziona anajua zimepatikanaje. Sera ya dunia ya skauti kuhusu watu wazima inakwenda mbali zaidi: mtu achaguliwe, afundishwe, ashike kazi kwa muda unaojulikana na kwa makubaliano, asaidiwe, kisha wakae naye waamue kama ataendelea, atabadili kazi au atapumzika. Hilo la mwisho ndilo tunalolisahau kuliko yote. Shefu akishachoka hana mlango wa heshima wa kutokea, basi anapotea tu, na trupu inamwita mtoro. Kumuaga mtu vizuri ni shukrani pia.

Wapo watakaoniuliza kama hayo ni maneno ya kusema katika mji uliochukuliwa na waasi wa M23 Februari 2025, benki zikafungwa, na chakula cha siku hakina uhakika. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba uhaba ndio unaofanya fidia ya gharama za shefu iwe ya lazima, kwa sababu mfuko unaokauka kwanza ni wa yule asiyeuliza. Watu waliozoea likelemba, ule mchango wa zamu, hawahitaji kufundishwa kuchangiana: familia thelathini za trupu moja, zikigawana nauli na kamba, zitabeba bila kuumia kile kinachomwelemea mtu mmoja. Panatakiwa daftari la matumizi na mweka hazina asiye shefu mwenyewe. Wengine watasema basi tuwape mshahara. Mshahara unahitaji mfadhili, na Kivu tumeona miradi mingapi ikifungwa pamoja na bajeti zake. Ila anayehitaji ujira ili nyumba yake ipate kula, tumruhusu aondoke bila lawama. Na anayehofia kwamba sifa zitamfanya shefu kuwa mkubwa asiyegusika ana hoja nzito, hasa pale penye watoto. Heshima na uangalizi viende pamoja: achunguzwe kabla ya kupokelewa, asiachwe peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana.

Mapadri, wachungaji, wakuu wa shule na ninyi wazazi: Jumamosi hii muulizeni shefu au sheftene wa watoto wenu ametumia faranga ngapi mwezi huu, mrudishieni, kisha mbele ya trupu nzima tajeni jambo moja alilomfundisha mtoto wenu.