Mpiga kura na mpigaji

Pale Mtumba, kwenye Mji wa Serikali jijini Dodoma, mafundi wanapiga lipu. Mpunguzi wakulima wanapiga dawa mizabibu. Bungeni, bajeti inapoamuliwa, mbunge huitwa jina, akajibu ndiyo au hapana, na hapo tayari kapiga kura. Hajagusa chochote.

Mgeni anayejifunza Kiswahili huambiwa kwamba kupiga ni kugonga kwa mkono au fimbo, kisha anapewa orodha ndefu akariri: simu, pasi, picha, deki, chafya, magoti. Naona tunamtesa bure. Katika semi hizi kitenzi hubeba nafsi na wakati tu. Mzigo wa maana umo kwenye nomino inayofuata. Waandishi wa Taarifa Rasmi za Bunge wanalijua hilo bila kufundishwa: wabunge wakishangilia, huandika “Makofi”, basi, na msomaji ameelewa.

Nomino zenyewe, hata hivyo, hazifanani. Picha na kura ni mazao ya tendo, kwa hiyo twasema picha imepigwa, kura zimepigwa. Lipu na pasi ni vitu vinavyotumika juu ya kitu kingine. Hapo kile kingine ndicho hutangulia: nyumba imepigwa lipu, shati limepigwa pasi. Hakuna fundi atakayekuambia lipu imepigwa nyumba. Mtu anayepokea tendo bila kuguswa huingia kwa -ia: nimempigia simu. Ukisema nimempiga simu, watu watauliza kama kaumia.

Siku hizi kuna matumizi yanayoiacha nomino kabisa. Aliyeuziwa kiwanja chenye mwenyewe husema “nimepigwa”. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ikifika bungeni, mitaani utasikia “tumepigwa”, na wezi wa fedha za umma wanaitwa wapigaji. Wapo wanaolidharau hili kama lugha ya vijiweni. Mimi nalipenda, maana limefuata sarufi barabara. Nomino ikiwepo, jina la mtenda halihitaji -ji: mpiga kura, mpiga picha, mpiga zeze. Ikiondoka, -ji huingia: mpigaji. Na “tumepigwa” husemwa mara nyingi bila “na fulani” mbele yake, hata pale msemaji anapomjua huyo fulani kwa jina.