Tupike Nini Leo?

Baada ya swala ya alasiri, katika nyumba nyingi za pwani yetu, huulizwa swali moja: tupike nini leo? Baba wa nyumba, macho yakiwa kwenye simu, hujibu, "Chochote." Hudhani amemrahisishia mkewe kazi. Kwa hakika amemwachia mzigo mzima: kufikiri, kulinganisha bei za sokoni, kuangalia kilichosalia ndani, na kungoja lawama baada ya magharibi.

Sisi wenyewe tumo katika kundi hilo. Msimu wa kusi uliopita, bahari ilipochafuka na samaki kuadimika, tulijibu vivyo hivyo. Usiku tukaandaliwa mbaazi za nazi kwa chapati. Tukasema, "Mbaazi tena?" Hatukusema kwa ukali. Lakini mwanetu wa miaka sita aliisukuma sahani yake, akalirudia neno letu kwa sauti ile ile yetu. Mama yake akainuka kwenda jikoni, asirudi mpaka tulipomaliza kula. Na mbaazi zenyewe, wallahi, zilikuwa tamu.

Tangu chuoni twajua kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwa mwenye kutia chakula ila. Katika Sahihi Muslim mna habari ya siku alipouliza kitoweo kwa watu wa nyumbani mwake, akaambiwa hapana ila siki. Akaitaka hiyo siki, akaila huku akiisifu. Habari hii tumeisomesha miaka mingi. Usiku ule haikutujia.

Siku hizi twauliza asubuhi, kabla ya kutoka, ni nini kilichomo ndani. Kisha twataja kitu kwa jina lake: maharagwe ya nazi, sima kwa mchicha, au muhogo, samaki wa kupaka ni wa siku za neema. Wali uliolala nao una heshima yake, ukikaangwa kwa vitunguu na bizari. Tena pesa za matumizi zilingane na tulichokitaja, kwani anayeacha pesa za mchicha asingoje nguru.

Siku moja katika juma tumewapa watoto wachague. Zamu ya kwanza ya yule mdogo, alitaka tambi za sukari ziwe ndicho chakula cha usiku. Zikapikwa. Tulizila sote, mama yake akicheka.